Jino la Cherehani ya Champaben

Sura ya Tano

Faili lilikuwa jembamba, kurasa tatu na stakabadhi moja, lakini Inspekta Donatus alilisukuma mezani kama anayesukuma gunia la pamba.

"Kesi ya cherehani," alisema. "Nimekupa wewe, Sajenti Mbuke. Mambo ya sindano ninyi akina mama ndio wenyewe."

"Afande, sindano ninayoijua mimi ni ya zahanati," Mbuke akamjibu, "na hiyo nayo naikimbia."

Askari wa kaunta wakacheka. Inspekta hakucheka. Alimweleza kwa ufupi, huku akihesabu kwa vidole. Mjane Champaben, ambaye watu humwita Mama Narendra, mwenye nyumba nyuma ya maduka ya kati hapa Shinyanga mjini, alikuwa na cherehani kuukuu ya mkono, aliyonunuliwa na mumewe mwaka 1939. Ilipokwama akampa fundi Theonest aifufue. Fundi alikaa nayo wiki tatu akairudisha. Mama wa watu akafungua sanduku, akatazama, akaanza kulia. Sanduku ni lake, alisema, lakini kichwa kilichomo ndani si chake. Kimebadilishwa.

"Theonest yuko mahabusu tangu juzi," Inspekta akamalizia. "Jumatatu asubuhi anakwenda kwa hakimu. Wizi wa mali aliyokabidhiwa. Na kamba ya kumfunga ni hii."

Aliigonga stakabadhi kwa kucha. Ilitoka kwa mwenye lori la mizigo: *kichwa kimoja cha cherehani, kutoka kwa Theonest, kwenda kwa Ebrahim, Geita.* Tarehe ilikuwa siku moja kabla fundi hajamrudishia Champaben mzigo wake.

"Geita, Sajenti! Hujiulizi kwa nini Geita? Huko kila kitu chenye uwazi kinatiwa dhahabu. Na mkono wa cherehani ndani ni mtupu."

"Mama amesema yake ilikuwa na dhahabu?"

"Hakusema."

"Basi tuanze na aliyoyasema," Mbuke akasema, akachukua faili.

Theonest alikuwa ameketi sakafuni amenyoosha miguu. Alikuwa mtu wa makamo aliyeelekea uzeeni, mwembamba, na weusi wa mafuta ya mashine ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja vyake usitoke tena.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Alimtazama kwa mshangao. "Tangu nizaliwe sijaamkiwa na mtu mwenye pingu."

"Pingu ziko kwenye mkoba, zimelala. Kitendawili!"

Mdomo ukamcheza Theonest. "Tega."

"Anakula nguo hashibi, akinywa mafuta anaimba."

"Cherehani. Hicho nilikuwa nawategea wanangu kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Haya, niambie ulimfanyia nini huyo mwimbaji wa Mama Narendra. Anza mwanzo. Usiniruke hata skrubu."

Fundi akaanza, na kadiri alivyosema ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Cherehani ililetwa imekwama kabisa, maana mama alikuwa anaitia mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi yakikaa miaka yanakuwa gundi. Aliifumua yote, akailaza kwenye mafuta ya taa siku mbili, akaisugua kwa mswaki kila pembe. Ndipo akaona meno. Yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa yalikuwa na jino moja lililokatika. Vipuri havipatikani nchi nzima. Akamwandikia Ebrahim wa Geita, ambaye hukusanya cherehani kuukuu, naye akamwazima kichwa kimoja kilichokufa.

"Nikang'oa meno ya yule maiti nikampa mgonjwa. Meno mabovu ya mgonjwa nikayatia kwa maiti, maana ni aibu kumrudishia mtu maiti yake haina meno. Nikairudisha Geita kwa lori. Kuna wizi gani hapo?"

"Ulimweleza Inspekta?"

"Nilimweleza. Aliandika neno moja: *amekiri.*"

Mbuke akajizuia kucheka. "Endelea. Nini tena uliondoa?"

"Kutu." Hapo fundi akatabasamu kwa fahari. "Ilikuwa kwenye paji la uso, hapa juu, juu kabisa ya yale maua ya dhahabu. Nene kama uji uliogandia sufuria. Lakini kutu laini hiyo, sijapata kuona! Inatoka kwa kitambaa. Mafuta ya taa yakawa mekundu kama mchuzi wa nyanya. Nikaitoa yote, maua yakafunuka kama ya jana. Nikasema, huyu mama atafurahi mpaka anipikie."

Mbuke aliandika: *Kutu juu ya maua, yaani juu ya rangi. Laini. Nyekundu.* Akapiga mstari chini yake. Hakujua bado mstari huo ni wa nini, ila kulikuwa na kitu hapo kilichokwaruza.

"Sajenti," Theonest akaita alipoona anainuka. Fahari ilikuwa imemtoka usoni. "Mke wangu alikuja jana. Wateja wamekwenda dukani wakachukua cherehani zao. Sita. Hazijatengenezwa, lakini wamezichukua hivyo hivyo. Nimeshona na kutengeneza miaka ishirini na saba mji huu. Hakimu akinifunga, nitatoka. Lakini nani atanipa tena cherehani yake?"

Mbuke akalitia faili kwapani, akatoka.

Nyumba ya Champaben ilinukia bizari na pamba. Pamba ilikuwa pale kwenye kapu kubwa, imechambuliwa nyeupe, kwa sababu mama huyu alishona mifarishi: vipande vya vitenge na sari zilizochakaa vikiunganishwa juu, bafta chini, na pamba katikati, kisha vyote vikishikwa pamoja kwa mishono mirefu. Hakukuwa na nyumba ya jamaa zake mjini isiyo na mfarishi wake.

"Shikamoo, Mama Narendra."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja na cherehani yangu?"

"Nimekuja kuijua kwanza."

Mwanawe, Narendra, ndiye aliyekwenda polisi kutoa maelezo, na sasa alisimama mlangoni na mikono mifukoni kama anayeogopa mama yake atasema mengi. Mama alisema mengi.

"Yangu ilikuwa inaimba na kuchechemea. Tak-tak-taa. Hii inanong'ona kama mwizi. Yangu ilikuwa nzito mkononi, hii nyepesi kama ya kuchezea. Na inapinda! Ngoja nikuonyeshe."

Akaivuta cherehani. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, maua ya dhahabu yametapakaa mkononi na ubavuni. Kwa mkono wa kulia akazungusha mpini, kwa wa kushoto akaongoza kitambaa, na kweli, mshono ulipinda kama mkia wa ng'ombe anayefukuza inzi.

"Umeona? Miaka thelathini na sita nimeshona mstari ulionyooka kama reli!"

Mbuke hakuwa anatazama mshono. Alikuwa anatazama mkono wa kushoto. Kwa kila mzunguko ule mkono ulivuta kitambaa upande wake, kidogo tu, kama mama anayemrudisha mtoto njiani bila hata kukatiza mazungumzo.

"Niruhusu nijaribu, mama. Ingawa mwalimu wa kazi za mikono alinifukuza darasa la nne."

Alikaa, akazungusha, akakiacha kitambaa kiende chenyewe. Mshono ukatoka umenyooka. Champaben akaunyakua, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Inakupenda wewe kwa sababu ni ya mtu mwingine," akasema kwa uchungu.

Mbuke akaandika: *Yeye umepinda. Mimi umenyooka. Cherehani ile ile.*

"Una kitu chochote ulichoshona kwa cherehani yako kabla haijakwama? Ambacho hakijafuliwa?"

Mama akatoa mfarishi mdogo ulioshonwa nusu, wa mjukuu aliyekuwa njiani kuzaliwa. Mbuke akaugeuza. Upande wa chini, kwenye bafta laini, kando ya kila mshono kulikuwa na vishimo vya meno yaliyouma kitambaa, mistari miwili. Mstari wa kulia ulikuwa na mwanya. Vishimo, mwanya, vishimo, mwanya, toka mwanzo hadi mwisho wa mfarishi. Akageuza kitambaa alichokwisha kushona yeye. Mistari miwili kamili. Hakuna mwanya.

"Jambo jingine, mama. Kuna alama yoyote ambayo wewe ungeitambua?"

Champaben akarudisha kitambaa mezani. Kisha akasema polepole, "Kulikuwa na alama ya marehemu mume wangu. Aliiweka siku ile ile ilipotolewa sandukuni. Ndiyo niliyoitafuta kwanza. Haipo."

"Alama ya kisu? Ya msumari?"

"Ya kidole."

"Mama!" Narendra akaingilia. "Polisi wanataka ushahidi, hawataki hadithi za humu ndani." Akamgeukia Mbuke. "Sanduku lina namba, Sajenti, hata kama ya kichwani ilishafutika. Nimeiandika kwenye maelezo. Hiyo inatosha."

Mama akafunga mdomo, na Mbuke aliona haufunguki tena siku hiyo. Aliomba kipande cha ule mfarishi. Champaben akakata ukingo kwa mkasi, huku roho inamuuma.

Ijumaa alfajiri Mbuke alipanda lori la pamba. Dereva, kijana mmoja mnene aitwaye Nkwabi, alimpisha kiti cha mbele akamwita mama kwa Kisukuma, "Pole, mayu, viti vyetu vina misumari," naye akakalia mkoba wake, pingu na vyote vilivyomo. Walivuka maji kwa kivuko, wakala vumbi upande wa pili, na kabla ya adhuhuri alikuwa amesimama Geita mbele ya duka la Ebrahim.

Duka liliuza sururu, karai, kamba na tochi. Wachimbaji wawili walikuwa wanabishania bei ya karai.

"Hili limetoboka!"

"Limetoboka, ndiyo," Ebrahim akasema bila kuinua macho. "Dhahabu utakayopata wewe itatosha kuziba tundu." Akamwona Mbuke. "Karibu, dada."

Mbuke akajitambulisha. Mzee yule wa ndevu nyeupe hakutetemeka wala hakuuliza kosa. Alichofanya ni kuita mkewe akae kaunta, akachukua ufunguo, akamwongoza nyuma.

Chumba cha nyuma kilimfanya Mbuke asimame kizingitini. Cherehani kumi na moja zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, za mkono na za miguu, nyingine na ndege wa dhahabu, nyingine na majani ya mzabibu, na kila moja ilikuwa imefunikwa mfarishi wake kama mtoto aliyelazwa.

"Kila mwezi moja inashona mfarishi mmoja," Ebrahim akaeleza. "Nisipozitumia zinakauka. Wachimbaji wanasema nimeficha dhahabu ndani. Mwaka juzi mmoja aliingia akafungua tatu. Alikuta vumbi la nyuzi, akaniachia na bisibisi yake."

"Yule aliyerudishwa na fundi Theonest?"

"Maiti? Yuko pembeni."

Aliondoa gunia. Mbuke akainama.

Kichwa kilikuwa cheusi, ndugu wa kile cha Champaben, maua yale yale. Na juu ya maua, kwenye paji la mkono, kulikuwa na doa jekundu, nene, lenye umbo la ncha ya kidole. Doa juu ya doa, kama mtu aliyekuwa akirudi kugusa pale pale mwaka hadi mwaka. Alifungua kibati cha chini ya sindano. Meno mistari miwili. Wa kulia, jino moja limekatika.

Alama ya kidole. Jino bovu. Kila kitu alichokililia Champaben kilikuwa hapa Geita, chini ya gunia. Kama Inspekta angekuwepo, angekwisha kuandika *amekiri* mara ya pili.

"Umesawijika, dada. Nikuletee chai?"

"Subiri, mzee." Mbuke akashika gurudumu, akalizungusha. Halikwenda. Akalishika kwa mikono miwili. Halikwenda.

"Utavunja mkono," Ebrahim akasema. "Huyo ekseli yake imekatika ndani na kuganda. Alikufa kabla sijamnunua. Nilimtoa Kahama kwa familia moja iliyokuwa inahama. Hajashona hata kitufe tangu mwaka sitini na nane."

Mbuke akaliacha gurudumu. Akakaa juu ya debe, akatoa kile kipande cha mfarishi wa mjukuu. Mshono wa mwaka huu. Nyuzi bado zinang'aa. Maiti huyu hakuushona mshono huu, hata angeapishwa.

Akainama tena, safari hii na tochi ya dukani. Skrubu zote za maiti zilikuwa za kahawia, zimezibwa na kutu ya miaka. Zote ila mbili, zilizoshika meno. Hizo mifereji yake ilikuwa imekwaruzwa mieupe, inameta, bisibisi imepita juzi juzi tu.

"Fundi alisema kweli," akasema kwa sauti. "Meno ndiyo yaliyosafiri, mwili haukusafiri."

Kisha akaweka kidole kwenye lile doa jekundu, akasugua. Likatoka unga laini. Akatazama kutu ya skrubu, kahawia na ngumu. Akatazama doa, jekundu na laini, juu ya rangi nzima isiyo na mkwaruzo.

"Mzee Ebrahim, kutu inaweza kuota juu ya rangi ambayo haijabanduka?"

"Kutu inatoka kwenye chuma, dada. Kwenye rangi itakula nini?"

"Basi hii ni nini?"

"Hiyo?" Alishangaa kwamba anaulizwa. "Hiyo si kutu. Jirani zetu Wahindu wana sikukuu, Dasera. Siku hiyo chombo cha kazi kinapumzishwa. Seremala msumeno wake, mwenye gari gari lake, mshonaji cherehani yake. Kinaoshwa, kinapakwa rangi nyekundu ya ibada, kinaombewa. Kwa kidole hivi. Mimi si dini yangu, lakini huyo sikumfuta. Mtu alimpenda."

"Kwa kidole," Mbuke akarudia. Alianza kucheka peke yake, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega. Dasera thelathini na sita, doa juu ya doa, na fundi Theonest kazisugua zote kwa mswaki akidhani anaondoa kutu!

Alipoomba kuchukua meno kama kielelezo, Ebrahim akavuta pumzi.

"Maiti yangu utaipora meno mara mbili? Weka sahihi."

Mbuke akaweka sahihi. Meno yakaingia kwenye kiberiti kitupu, kiberiti kikaingia mkobani.

Jumamosi saa tatu asubuhi sebule ya Champaben ilikuwa imejaa. Inspekta Donatus alikalia kiti cha marehemu bila kujua, ndiyo maana Narendra alikuwa anamtazama vibaya. Theonest alisimama ukutani, pembeni yake askari. Cherehani ilikuwa mezani.

"Kitendawili, afande," Mbuke akasema.

"Sajenti, nina kazi."

"Nilioga, mama akanikana."

Inspekta akatazama dari. Champaben ndiye aliyegeuka haraka, akamtazama Mbuke machoni.

"Kabla sijafungua chochote," Mbuke akaendelea, "nina swali kwa mlalamikaji. Na wewe fundi, usitie neno. Mama, ile alama ya kidole ilikuwa rangi ya Dasera. Sivyo?"

Narendra akafungua mdomo. Mama yake akainua kiganja, mdomo ukafungwa.

"Ndiyo," akasema. "Ya kwanza aliiweka mume wangu. Nyingine tuliweka pamoja. Miaka tisa hii nimeweka peke yangu."

"Siku ile ya kwanza, aliweka rangi tu? Hakuna kingine?"

"Watu wengine huweka na punje za mchele, lakini yeye..." Mama akasita. Uso wake ulikuwa umekwenda mbali. "Yeye alikuwa mnunuzi wa pamba. Akasema, kwa nini mchele? Mchele haujanipa kitu. Akachukua mbegu ya pamba, akaichovya kwenye rangi. Kibati cha mviringo cha nyuma kilikuwa wazi, tunatia mafuta. Akaidumbukiza ndani, akafunga. Nilimgombeza! Nikamwambia utaiua cherehani kabla haijashona. Akacheka, akasema, ikae ndani, ilinde." Akapangusa jicho kwa ncha ya sari. "Lo! Nilikuwa nimesahau. Wewe umejuaje?"

"Sikujua, mama. Ndiyo maana nimeuliza. Fundi Theonest, ulipofungua kibati cha nyuma, mswaki ulifika kila mahali?"

"Kila mahali," Theonest akasema, kisha akajikuna shingo. "Ila pale kwenye kona, nyuma ya ekseli. Palikuwa na donge la yale mafuta ya nazi yaliyoganda. Gumu kama jiwe. Halikugusa kitu, nikaliacha."

"Mpeni bisibisi yake."

Askari akamtazama Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Bisibisi ya Theonest, ya mpini wa mti, ilitolewa kwenye bahasha ya vielelezo. Theonest akaizungusha mara nne. Kibati kikafunguka. Akaomba sindano ndefu ya kufumia, akaingiza, akachokonoa taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Donge likaanguka kwenye kiganja cha Mbuke, jeusi, ukubwa wa harage dogo.

Akalitia ndani ya kikombe cha mafuta ya taa, akalibingirisha kwa kidole. Weusi ukayeyuka. Mafuta yakaanza kuwa mekundu.

Wote wakainamia kikombe. Katikati ya wekundu ule palibaki kitu kidogo chenye manyoya machache yaliyoshikamana. Mbegu ya pamba.

Champaben aliipokea kwa viganja viwili. Hakulia. Aliiinamia, akaipuliza kidogo kama ina moto.

"Ni hii hii?" Narendra akauliza, akisogea mezani. "Mama, ni cherehani yetu hii hii?"

"Na mshono?" Inspekta akauliza, maana naye hakuwa mjinga. "Mbona inampindia?"

Mbuke akafungua kiberiti. "Fundi, rudisha jino bovu."

"Kurudisha?" Theonest aliruka kama aliyechomwa. "Afande, nifunge tu! Nitie meno mabovu kwa mikono yangu, mbele ya watu?"

"Kwa dakika moja."

Akayarudisha, huku ananung'unika kwa lugha ya kwao. Mbuke akamsogezea Champaben ule mfarishi wa mjukuu. Mama akakaa. Mkono wa kulia ukazungusha, wa kushoto ukavuta kidogo, kidogo. Na sebule nzima ikasikia.

Tak-tak-taa. Tak-tak-taa.

Mshono ulikwenda umenyooka kama reli. Mbuke akaugeuza, akauweka kando ya ukingo wa zamani mbele ya Inspekta. Vishimo, mwanya, vishimo, mwanya.

"Jino bovu lilikuwa linapeleka kitambaa upande," akasema. "Mkono wa mama ukajifunza kukirudisha, miaka mingi, bila yeye kujua. Fundi alipotia meno mazima, mkono uliendelea kurudisha kitu ambacho hakikimbii tena. Hakuna aliyeiba, afande. Fundi alimwosha mtoto akatakata mno."

Inspekta Donatus aliitazama ile stakabadhi ya Geita muda mrefu, kisha akaikunja mara nne. "Mlalamikaji anasemaje?"

"Anasema huyu mtu hajanywa chai tangu Jumanne," Champaben akajibu. "Narendra! Chai. Na kile chakula cha jana, pasha moto. Fundi, kaa. Si hapo, hapo kuna msumari. Kaa hapa." Akamtazama Theonest, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Nilikuita mwizi mbele ya mtaa mzima. Jumatatu nitakwenda kwa wale wateja wako sita, mmoja mmoja. Nitawaambia wakurudishie cherehani zao. Asiyetaka nitakaa mlangoni kwake mpaka atake."

"Atakaa kweli," Narendra akathibitisha. "Namjua."

Theonest aliweka bisibisi mezani. Akainama akajifanya anatafuta skrubu. "Mama, basi niruhusu nirudishe meno mazima," hatimaye akasema. "Yako mfukoni mwa askari. Utashona kama maji yanavyotiririka."

"Usiguse! Jino hilo ni langu. Hayo mazima mpelekee mwenyewe huko Geita."

Sajenti Mbuke akaanza kukusanya karatasi zake. Champaben alikuwa ameingia ndani, akarudi na kisahani cha unga mwekundu.

"Dasera ni Jumanne," akasema, "lakini huyu amekaa wiki nzima bila uso wake. Sitamngojesha." Akachovya kidole, akagusa paji la cherehani, pale pale, juu ya maua. Kisha akaitwaa bisibisi ya Theonest mezani, akaitia nukta kwenye mpini. Fundi akaipokea kwa mikono miwili, hakuifuta.

"Na wewe, mwanangu? Chombo chako cha kazi ni kipi?"

Mbuke akaingiza mkono mkobani. Vidole vilikuta pingu kwanza, baridi, zimelala chini. Akazipita. Akatoa penseli.